Deni la Neno "Hapana"



Yuko binti mmoja tuliyemfundisha katika chuo cha ualimu miaka ya nyuma. Alikuwa hodari wa hesabu, nasi tukadhani atazeeka darasani kama sisi. Lakini baada ya kufundisha miaka michache aliacha chaki, akaungana na mwenzake, wakatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wenye maduka madogo kuandika madeni ya wateja wao, badala ya lile daftari la kurasa zilizokunjamana ambalo sote twalijua, maana majina yetu yamo ndani yake.

Mwaka 2023 alikuja kututazama nyumbani jioni moja. Tulipomwuliza habari za kazi, alisema kwamba kwa muda wa miezi tisa amekuwa akizungumza na wawekezaji, wengine wa Nairobi, wengine wa London na Marekani, ili wampe mtaji. Amewaandikia, amezungumza nao kwa video, amewapelekea hesabu zake kila mwezi kama walivyomtaka. Tukamwuliza kama wamekubali.

"Hawajakubali, Mwalimu."

"Basi wamekataa."

"Wala hawajakataa. Wote wanasema wanaipenda sana kazi yetu."

Katika miezi hiyo tisa mama yake alikuwa amekopa katika chama cha kuweka na kukopa ili mwanawe apate fedha za kuvukia. Vijana wanne aliowaajiri walikuwa wamekaa miezi mitatu bila mshahara, kwa kuwa aliwaambia, naye mwenyewe akiamini hivyo, kwamba fedha zi njiani. Nafasi ya kufundisha aliyoitiwa katika shule moja aliiacha ipite. Mwisho wa mwaka alifunga ofisi. Deni la mama yake bado analilipa.

Habari hii imetukaa moyoni, na ndiyo maana tumeona vema kuuliza swali hili mbele ya wasomaji wa gazeti letu: je, mtu aweza kumdanganya mwenzake bila kutamka neno hata moja la uongo? Na kama aweza, je, sisi Wakristo tumo katika jambo hilo au hatumo?

Kwanza yafaa tuielewe kazi ya watu hawa, tusije tukawahukumu bila kuwajua. Mtaji wa namna hii si mkopo wa benki. Benki hutaka dhamana na riba. Mwekezaji hutaka hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni. Kampuni ikikua hupata faida, ikifa hupoteza fedha zake. Mwanzo wa kazi hii kwa mtindo wa sasa huhesabiwa tangu mwaka 1946, pale Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipoanzisha pamoja na wenzake kampuni ya American Research and Development Corporation katika mji wa Boston. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitia dola 70,000 katika kampuni changa ya kompyuta iliyoitwa Digital Equipment Corporation, na fedha hizo zikazaa zaidi ya mara mia.

Tangu siku hizo kazi hii imeenea, hasa California, na katika miaka ya karibuni imefika Nairobi, Lagos na miji mingine ya Afrika. Fedha zenyewe aghalabu si za yule anayezungumza na kijana. Ni za mifuko ya pensheni, vyuo vikuu na matajiri, nao wameziweka katika mfuko mmoja kwa muda wa miaka kama 10. Msimamizi wa mfuko kwa kawaida hulipwa kama asilimia 2 ya fedha hizo kila mwaka, na asilimia 20 ya faida itakayopatikana. Naye ajua tangu mwanzo kwamba makampuni mengi atakayoyasaidia yatakufa au yatarudisha kidogo tu, na kwamba moja au mawili ndiyo yatakayoulipa mfuko mzima.

Hapo ndipo penye shina la tatizo. Kama faida yote hutoka katika kampuni moja au mbili, basi msiba mkubwa kwa msimamizi si kutia fedha mahali zikapotea. Msiba mkubwa ni kuikosa ile moja. Kwa hiyo hapendi kufunga mlango wowote. Kusema "hapana" leo kwaweza kumfungia njia ya kesho; kusema "tutaona" hakumgharimu kitu. Anayelipa gharama ya "tutaona" ni yule anayesubiri nje.

Basi yamezaliwa maneno mengi matamu ambayo watu wa kazi hiyo wanayafahamu, na mgeni hayafahamu. Tumeyakusanya machache kutokana na barua alizotuonyesha binti huyu.

La kwanza ni hili: "Tumependezwa sana, ila kwetu bado ni mapema." Kweli ziko kampuni ambazo ni changa mno kwa mfuko fulani. Lakini kama tatizo ni umri tu, mwenye kusema aweza kutaja kipimo: maduka mangapi, mapato kiasi gani. Asipotaja kipimo, amekataa.

La pili: "Tafuteni kwanza mwekezaji wa kuongoza, nasi tutafuata." Katika kazi hii mmoja hutangulia, akapanga thamani ya kampuni na masharti, na wengine hujiunga chini yake. Ni desturi halali. Lakini kijana asikiapo neno hili huhesabu kwamba nusu ya fedha amekwisha kuipata, kumbe amepewa ahadi ya kuingia katika chombo ambacho mtu mwingine atakijenga. Binti yetu alikuwa na ahadi tano za namna hiyo. Wafuasi watano, na kiongozi hakuna!

La tatu: "Mimi mwenyewe nataka, ni wenzangu ndio wanaosita." Yawezekana ni kweli, maana mifuko mingi huamua kwa baraza. Lakini mara nyingi ni njia ya kukataa huku ukibaki rafiki.

La nne: "Tuleteeni habari zenu kila mwezi." Hili ndilo linalochosha kuliko yote, kwa kuwa lina sura ya uhusiano. Kijana huandika, hupanga hesabu, husubiri jibu. Na mwenye kupokea hukaa na habari za soko bila kutoa senti.

Hata karatasi ya masharti, ambayo mwekezaji huitia sahihi na kijana akaipeleka nyumbani kwa furaha, kwa kawaida haimfungi mwekezaji kutoa fedha. Aghalabu sehemu zake zenye nguvu ya sheria ni zile za kutunza siri, na ile inayomkataza kijana kuzungumza na wengine kwa muda fulani. Yaani mwenye fedha yu huru na mwenye shida amefungwa.

Tena yapasa tukumbuke majira yenyewe. Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, na baada ya hapo fedha za mitaji zikawa adimu. Mwaka 2023 makampuni changa ya Afrika yalipata fedha kidogo kuliko mwaka 2022. Wengi wa wasimamizi walijua kwamba hawataweka fedha mpya kwa wakati huo. Wangeweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Lakini mikutano iliendelea, na maneno yakawa ni yale yale.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, huo ni uongo? Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo. Alifundisha kwamba kipimo cha uongo si ulimi tu bali ni moyo: mwongo ni mtu mwenye moyo wa pande mbili, ana jambo moja ndani naye aonyesha jingine nje, akikusudia kudanganya. Kwa hiyo mtu aweza kusema jambo lisilo kweli na asiwe mwongo, kama yeye mwenyewe aliamini ni kweli.

Lakini wengine watatukumbusha habari inayosimuliwa juu ya Mtakatifu Atanasio, Askofu wa Aleksandria, aliyefukuzwa katika kiti chake mara tano. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikimbia kwa mashua katika mto Nili, askari waliomfuatia wakakutana naye wasimtambue, wakauliza kama Atanasio yu mbali. Akajibiwa kwamba hayuko mbali, nao wakapiga makasia kwa haraka wakapita. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilipoteza. Je, mtakatifu alitenda dhambi?

Wanafunzi wetu walipenda sana kubishana juu ya jambo hili, nasi hatukuwazuia. Lakini angalieni tofauti. Askari wale walitaka roho ya mtu, wala hawakuwa na haki ya kupewa jibu. Kijana anayeomba mtaji hakuja kumdhuru mtu. Amealikwa kuuliza, na kwa jibu atakalopewa ataamua kama aajiri au afukuze, akope au asikope, aendelee au arudi darasani. Neno la kweli linalompoteza adui mwenye upanga si sawa na neno la kweli linalompoteza mtu aliyekuja kwako kwa sababu anakuamini. Huyu wa pili amejiegemeza kwako. Ukiondoka taratibu bila kumwambia, ataanguka, na hutaweza kusema kwamba hukumsukuma.

Yapasa tusikie pia utetezi wao, maana si watu wabaya. Watasema, "Mara nyingi sisi wenyewe hatujui, twasubiri kuona." Hili ni kweli, na asiyejua hana kosa kusema hajui. Watasema tena, "Tukisema sababu zetu tutamvunja moyo. Tutamwambiaje kijana kwamba hatumwamini kuwa kiongozi?" Hapa tunaona wamechanganya mambo mawili, jibu na sababu. Mtu ana ruhusa ya kunyamaza juu ya sababu zake. Lakini kuzificha sababu hakumpi ruhusa ya kulificha jibu. "Tumeamua kutoweka fedha kwenu, twawatakia heri" ni maneno machache. Hayamtukani mtu, nayo yamwacha huru asubuhi ile ile.

Watasema pia, "Je, tukikataa kwa makosa?" Kuna mfano unaojulikana. Mwaka 2008 waanzilishi wa kampuni iliyokuja kuitwa Airbnb, ya kupangisha vyumba kwa wageni, walitafuta dola 150,000. Walijulishwa kwa wawekezaji saba wa California. Watano walikataa kwa barua, na wawili hawakujibu kabisa. Mwaka 2015 Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi hao, alizitoa hadharani barua hizo za kukataa. Mmoja alikuwa ameona soko lake ni dogo mno. Desemba 2020, hisa za kampuni hiyo zilipoanza kuuzwa kwa watu wote, thamani yake ilipita dola bilioni 80. Wale watano walikosea hesabu. Lakini je, waliwadhulumu vijana wale? Hata kidogo. Waliwajibu, na vijana wakaenda kugonga mlango mwingine. Liko pia shirika moja la uwekezaji la Marekani, Bessemer Venture Partners, ambalo limechapisha lenyewe orodha ya makampuni makubwa liliyoyakataa, Apple na Google yakiwamo. Kukosea ni jambo la akili, na watu wazima huweza kulicheka. Kumwacha mtu gizani ni jambo la moyo.

Linalotuhuzunisha zaidi ni jinsi sheria inavyoegemea upande mmoja. Kijana akimdanganya mwekezaji, mahakama zipo. Elizabeth Holmes, mwanzilishi wa kampuni ya Theranos ya kupima damu, alitiwa hatiani huko California Januari 2022 kwa kuwalaghai wawekezaji, na Novemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Ilikuwa haki. Lakini mwekezaji akimweka kijana miezi tisa katika tumaini ambalo yeye mwenyewe hana, hakuna mahakama ya kumshitaki. Hakutia sahihi, hakuahidi, alisema tu kwamba anapenda. Kwa hiyo kesi hii yaachwa katika dhamiri, na hapo Kanisa lina neno la kusema.

Neno hilo tunalisoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 24. Liwali Feliki alimweka Mtakatifu Paulo kifungoni huko Kaisaria. Hakumwachilia wala hakumhukumu. Paulo alipomweleza habari za haki na za hukumu itakayokuja, Feliki aliogopa, akamwambia aende zake kwa sasa, atamwita tena akipata nafasi. Na kweli alimwita, tena mara nyingi, akazungumza naye. Lakini mwandishi atuambia sababu: alikuwa akitumaini kupewa fedha. Miaka miwili ikapita hivyo, kisha akaja Porkio Festo mahali pake, na Paulo alikuwa yungali kifungoni. Tulipoisoma sura hii mbele ya binti yetu, alicheka kwa uchungu, akasema, "Huyu namjua, Mwalimu."

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusiharakishe kuwanyoshea kidole watu wa California. Tuna jambo letu wenyewe la kuungama.

Zamani tulipokuwa katika chuo kimoja, mzee mmoja alitoka kijijini kuja kumwombea binti yake nafasi. Nafasi zilikuwa zimekwisha, na sisi tulijua. Lakini mzee alikuwa mtu wa heshima, amesafiri mbali, na uso wake ulikuwa na matumaini. Tukaona haya kumvunja moyo. Tukasema, "Mzee wetu, nenda tu, tutaangalia." Akaenda akarudi. Tukasema vile vile. Mara ya tatu ndipo tulipomwambia ukweli, na wakati huo chuo kingine kilichokuwa na nafasi kilikuwa kimekwisha kufunga orodha yake. Mzee hakukasirika. Alituuliza kwa upole, "Mwalimu, jambo hili mlilijua lini?"

Hatukuwa na jibu. Tulidhani tumemfanyia adabu, kumbe adabu ile ilikuwa ni ya kujikinga sisi wenyewe tusiuone uso wake ukibadilika. Yeye ndiye aliyelipa.

Tangu siku ile tumeona kwamba swali la mzee huyo ndilo kipimo cha jambo hili lote, kwa mwekezaji na kwa mwalimu. Kabla hujajua, "tutaona" ni neno la kweli. Baada ya kujua, neno lile lile limegeuka kuwa uongo, ingawa herufi zake hazikubadilika. Siku unapojua kwamba jibu ni hapana, siku hiyo umekuwa mdeni, na kila siku unayokaa nalo unatumia maisha ya mtu mwingine.

Ndiyo sababu Bwana wetu alitufundisha, katika Mathayo 5:37, kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Na Mithali 3:28 yatukataza kumwambia jirani aende akarudi kesho, hali kile anachokitaka tunacho mkononi. Wengi tumefikiri kwamba andiko hilo ni la fedha na chakula tu. Lakini jibu pia ni kitu tulicho nacho mkononi. Hata maskini aweza kulitoa.

Kwetu pwani na bara twajivunia ustaarabu wa kutomkatalia mtu usoni. Ni urithi mzuri, wala hatutaki uishe. Lakini tujiulize ni mara ngapi tunamwambia fundi "njoo kesho" hali twajua kwamba kesho hatutakuwa na fedha. Ni mara ngapi wazee wa kanisa wanasema "tutalijadili" juu ya jambo lililokwisha kujadiliwa na kukataliwa. Ni mara ngapi twasema "Mungu akipenda" tukimtwika Mungu kukataa ambako ni kwetu sisi. Ustaarabu ni kusema hapana kwa upole, kwa kumketisha mtu na kumpa maji ya kunywa. Kutokusema kabisa ni kitu kingine.

Kwa vijana wetu wanaotafuta mitaji tuna shauri fupi. Anayewasifu, mshukuruni, kisha mwulizeni: ni jambo gani hasa likitimia mtatoa fedha, kiasi gani, na lini? Akijibu, andikeni. Asipoweza kujibu baada ya kuulizwa mara mbili, hesabuni kwamba amekataa, mwachane kwa amani. Msiajiri mtu kwa fedha ambazo hazijaingia benki, wala msimwache mama akakope kwa ajili ya sifa. Nanyi wenyewe msiwafanyie wafanyakazi wenu lile mlilofanyiwa; siku mtakapojua kwamba mshahara haupo, semeni siku hiyo.

Na kwetu sisi tulio wakubwa, wenye nafasi za kutoa na milango ya kufungua, tuna ombi moja. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja amtafute mtu mmoja ambaye anasubiri kwake jibu analolijua tayari. Amwendee, amketishe, amwambie. Itakuwa vigumu kwa dakika chache. Kisha mtu yule atasimama na kwenda zake, na siku zake zitakuwa zake tena.

Mungu atujalie ulimi wa kweli na moyo wa upole, vyote viwili pamoja. Amina.